Inajua kwenda tu: breki za Chevelle yangu

Kona ya kwanza breki zilishika vizuri tu. Ya pili zikashika pia ila nikasikia harufu, ile ya kitu kinaungua polepole, nikajifanya sijaisikia. Ya tatu nikakanyaga, pedeli ikashuka chini kuliko kawaida, gari ikaanza kuvuta kushoto na mwendo haupungui kwa namna ya kueleweka, nikapiga gia ya pili harakaharaka, injini ikalia mpaka nikahisi vyuma vinataka kuruka nje, tukashuka hivyohivyo mpaka chini kwenye tambarare. Mdogo wangu alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Hakusema kitu mpaka tumesimama kabisa, afu akasema taratibu, "Kaka, hii gari inajua kwenda tu."

Na kweli. Gari yenyewe ni Chevrolet Chevelle Malibu ya 1966. Kiwandani ilitoka na V8 ndogo ya inchi za ujazo 283, lakini kuna mtu kabla yangu aliichomoa akaweka 396 yenye kamshafti kali (fimbo inayofungua na kufunga valvu), ile injini ambayo mwaka huohuo Chevrolet walikuwa wanaiweka kwenye Chevelle SS. Sasa huyo jamaa alikumbuka injini, akakumbuka kabureta, akakumbuka eksozi, breki akaziacha kama zilivyozaliwa: dramu nne za inchi 9.5 (vyungu vya chuma vinavyozunguka na tairi, breki zinavibana kwa ndani), bila busta ya kusaidia mguu, kwenye gari ya tani moja na nusu na ushee. Enzi hizo ndivyo ilivyokuwa, mwaka 1966 hata ungetaka diski (sahani ya chuma inayobanwa na pedi pande mbili) kwenye Chevelle hukupewa, zilianza kuuzwa kama nyongeza mwaka 1967. Ford walitangulia kidogo, Mustang ya 1965 ungeweza kuiagiza na diski za mbele, zile kalipa (vibanio vya pedi) za Kelsey-Hayes za pistoni nne. Ila wateja wengi walikuwa wanalipia nguvu za farasi, kusimama kila mtu aliona ni kitu kitakachojipa chenyewe.

Kesho yake nikaipandisha juu ya stendi (stendi, sio jeki peke yake, tafadhali) nikafungua tairi zote nne. Dramu za mbele zilikuwa na madoa ya bluu, hiyo ni alama ya chuma kilichopata moto kupita kiasi. Silinda ya tairi la mbele kulia ilikuwa inavuja kidogokidogo, mafuta ya breki yamelowesha shuu (kile kibao kinachobana dramu kwa ndani), ndiyo maana gari ilikuwa inavuta kushoto, upande mmoja ulikuwa unafanya kazi na mwingine unateleza tu. Lakini kilichonitisha zaidi sio hicho. Kilichonitisha ni masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli kupeleka mafuta kwenye breki. Ina chumba kimoja tu. Kile chumba kimoja kinalisha tairi zote nne, maana yake mpira mmoja wa kupitisha mafuta ya breki ukipasuka popote pale, mbele au nyuma, pedeli inaenda sakafuni na huna breki hata moja, unabaki na hendibreki na dua. Magari ya Marekani yalihamia kwenye masta ya vyumba viwili mwaka 1967, mbele na njia yake, nyuma na njia yake. Yangu ilikosa kwa mwaka mmoja tu.

Kwa hiyo kama una gari ya umri huo na hela ya kubadilisha kitu kimoja tu, usinunue diski. Nunua masta ya vyumba viwili. Najua haipendezi kwenye picha.

Mi nilitaka vyote. Nikaagiza seti ya diski za mbele, zile za kufungia kwenye spindo (ekseli fupi inayobeba tairi) zilezile za dramu: diski za inchi 11, kalipa za pistoni moja za mtindo wa GM wa 1969 kuendelea, mabano ya kushikilia kalipa, beringi mpya, mipira ya breki mipya, busta na masta ya vyumba viwili. Nyuma nikaamua zibaki dramu. Watu wananiuliza sana kwanini sikuweka diski kote, jibu ni kwamba ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele, tena gari kama hii ina bonge la injini ya chuma cha kumimina puani, tairi za nyuma zinabaki zimegusa barabara kwa heshima tu. Kazi kubwa inafanyika mbele. Na dramu ya nyuma inakupa hendibreki nzuri bila usumbufu, wakati hendibreki za kalipa nyingi za nyuma ni za kubembeleza. Kama unaenda kwenye mashindano hilo ni jambo lingine.

Kufungua dramu ilikuwa nusu siku. Springi zake zikikuruka usoni utajua ni za enzi zipi kwahiyo vaa miwani. Na lile vumbi jeusi la ndani usilipulize kwa kompresa hata kidogo, shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi na ukilivuta kifuani halitoki, lowesha kwa maji au dawa ya kusafishia breki, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa. Mipira ya breki ilikuwa mizima kabisa kwa nje, nikaikata mmoja kwa udadisi, ndani umevimba mpaka tundu limebaki kama la sindano. Mpira wa hivyo unapitisha mafuta ukikanyaga kwa sababu mguu una nguvu, ila kurudi hayarudi vizuri, tairi linabaki limeshikwa. Nikapiga hesabu ya umri wake nikaacha kuhesabu.

Kufunga diski zenyewe kwa kweli ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Bano linaingia kwenye matundu ya zamani ya sahani ya dramu, beringi unazipaka grisi mpaka iingie katikati ya vyuma sio kuipaka juujuu, unakaza nati ya spindo huku unazungusha diski ili beringi zikae, unailegeza, unaikaza tena kwa vidole, pini mpya. Kitu ambacho hakuna aliyenikumbusha ni rimu. Za kwangu zilikuwa za inchi 14 na hazikuingia, kalipa inagusa rimu kwa ndani, ikabidi nitafute za 15. Pima kwanza, usifanye kama mimi niliyegundua saa mbili usiku gari iko hewani.

Sasa hapa ndipo mkasa unapoanza.

Dramu za Chevelle, na za magari mengi ya Kimarekani ya enzi ile, zina ujanja wake. Shuu ya mbele ikigusa dramu inayozunguka inaburutwa nayo, inajikaza yenyewe, na inaisukuma shuu ya nyuma nayo ijikaze. Yaani mwendo wa gari unakusaidia kufunga breki. Ndiyo maana gari nzito hivi iliweza kusimamishwa kwa mguu bila busta. Ubaya ni joto: ukiongeza mwendo mara mbili, kutoka 50 mpaka 100 kwa saa, nguvu ya kuiondoa inakuwa mara nne, na yote inageuka moto ndani ya chungu kilichofunikwa. Dramu ikipata moto inatanuka, inaikimbia shuu, pedeli inashuka, na ule msaada wa kujikaza unapungua. Ndiyo kona yangu ya tatu hiyo. Diski iko uchi hewani, inapoa, ikitanuka inatanuka kuelekea kwenye pedi sio kuzikimbia. Ila diski haikusaidii hata chembe. Inabana kwa kadiri ya presha uliyoipa, basi. Ukitoka dramu kwenda diski unahitaji presha kubwa zaidi kutoka kwa mguu uleule, na hiyo presha lazima itoke mahali.

Kwenye seti yangu ilitakiwa itoke kwenye busta. Busta inafanya kazi kwa mvuto wa injini, ile hewa inayofyonzwa kwenye manifoldi, na inapenda ipate kama inchi 18 za zebaki hivi. Nikafunga kila kitu, nikawasha, nikakanyaga mara moja safi, mara ya pili pedeli ikawa jiwe. Jiwe kabisa. Nikachomeka geji: injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) inatoa inchi 10. Ni ile kamshafti kali ya yule jamaa, valvu zinabaki wazi pamoja muda mrefu, mlio mtamu sana pale ikiwa imesimama lakini mvuto hakuna. Kuna watu wanaweka pampu ya umeme ya mvuto, kuna wanaoweka haidrobusti inayotumia presha ya pampu ya pawa stelingi, na hiyo ya pili naiheshimu sana. Gari yangu haina pawa stelingi. Na ile busta ilikuwa imejaza kona yote ya injini mpaka kutoa plagi ilikuwa kama upasuaji.

Nikaitoa. Nikarudi kwenye mguu mtupu, ila safari hii kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni ndogo. Sema mguu wako unasukuma kilo 30. Pedeli ya gari yenye busta inazidisha kama mara 4, kwahiyo fimbo inasukuma masta kwa kilo 120. Masta iliyokuja na seti ilikuwa na tundu la inchi moja na moja ya nane, eneo lake ni sentimita za mraba 6.4, ukigawa unapata kama kilo 19 kwa kila sentimita ya mraba. Kidogo sana kwa diski bila busta. Sasa pedeli ya Chevelle ina matundu mawili ya kuchomeka fimbo, la chini la gari yenye busta na la juu la gari isiyo na busta, la juu liko karibu na egemeo la pedeli kwahiyo linazidisha kama mara 6. Hapo kilo 30 zimekuwa 180. Ukiweka masta ya tundu la inchi moja kamili, eneo 5.07, unapata kilo 35 na nusu. Karibu mara mbili ya mwanzo, kwa kuhamisha pini na kuweka masta nyembamba! Unachokilipia ni urefu, pedeli inasafiri zaidi kabla ya kushika, maana tundu jembamba linasukuma mafuta machache kila milimita. Watu wengi wanafikiri masta kubwa ndiyo breki kali. Ni kinyume kabisa na ukimwambia mtu hivyo anakuangalia kama umechanganyikiwa.

Masta mpya nikaitoa upepo mezani kwanza kabla ya kuifunga, vipaipu viwili vinarudi kwenye chumba chake, unasukuma pistoni polepole mpaka mapovu yaishe. Ukiruka hatua hii utasukuma pedeli mpaka jioni. Paipu za chuma nilipiga mpya zote, mdomo wa kukunjwa mara mbili, sio mara moja, mkunjo mmoja kwenye presha ya breki unapasuka. Shaba tupu usiweke, inachoka, aloi ya shaba na nikeli ni sawa na inakunjika kwa mkono bila matusi. Nyuma kwenye dramu nikaweka kivalvu kidogo kinachobakiza presha ya pauni 10 kwa inchi ya mraba kwenye paipu ili vikombe vya mpira ndani ya silinda visinyauke vikaingiza hewa. Mbele kwenye diski usiweke hicho cha 10, zitashika muda wote. Ndiyo maana pia huwezi kutumia ile masta ya zamani ya dramu kulishia diski, mara nyingi ina hicho kivalvu ndani yake na hukioni.

Kutoa upepo tulianza tairi la mbali, nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto, mdogo wangu kwenye pedeli mimi chini na chupa. Nyuma zikakaa sawa. Mbele pedeli sponji. Tukarudia. Sponji. Tukamaliza mafuta, tukafungua chupa nyingine, sponji, mdogo wangu akaanza kuhesabu kwa sauti mara ngapi amekanyaga na mi nikaanza kumkasirikia bure. Kumbe kalipa nimezibadilishana, ya kulia nimefunga kushoto na ya kushoto kulia, zinaingia vizuri kabisa hata huoni kosa, tofauti ni kwamba skrubu ya kutolea upepo inakuwa chini badala ya juu, na hewa inakaa juu imetulia inakucheka. Nikazibadilisha. Dakika kumi kazi imeisha.

Mafuta ya breki niliyoweka ni ya daraja la DOT 4. DOT 3 kikiwa kipya kinachemka angalau nyuzi 205 za Selsiasi, kikishakunywa unyevu kiwango kinashuka hadi 140, DOT 4 ni 230 na 155. Yanakunywa maji kutoka hewani hata ukiwa umelala, kwahiyo chupa iliyofunguliwa mwaka juzi itupe. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo, na majina yanachanganya kwa sababu DOT 5.1 sio silikoni. Na usiyamwagie rangi ya gari. Nina alama kwenye fenda ya kushoto kama unataka ushahidi.

Basi tukatoka. Pedeli iko juu, ngumu kiasi, inashika hapohapo unapogusa, nikajisikia fundi haswa. Na huko kujisikia ndiko kuliniponza, maana fimbo kati ya pedeli na masta ni ya kurefusha kwa nyuzi na nilikuwa nimeirefusha mpaka pedeli haina mchezo hata kidogo, niliipenda hivyo. Kilomita tano gari ikaanza kuwa nzito. Kilomita nane nakanyaga mafuta kama napanda mlima na barabara ni tambarare. "Kaka, moshi," mdogo wangu akasema, tena bila haraka, ameshazoea. Mbele kote kunatoka moshi, tairi zimeshikwa, hata kusukuma haisukumiki.

Nikajua kalipa zimekwama, mbili kwa pamoja? Haiwezekani. Kuna kipimo kimoja cha barabarani: legeza nati mbili zinazoshika masta kwenye ukuta wa injini, ivute mbele kidogo tu. Nikailegeza, tukasikia kama gari imeshusha pumzi, tairi zikaachia zote. Fimbo ndefu. Ndani ya masta kuna kitundu kidogo sana ambacho pistoni ikirudi nyuma kabisa inakiacha wazi, mafuta yakipata moto yakatanuka yanapanda kupitia hapo kurudi kwenye chumba. Fimbo ikiwa inasukuma pistoni hata milimita mbili, kitundu kimezibwa, kila ukifunga breki mafuta yanapata moto yanatanuka hayana pa kwenda, yanabana pedi, pedi zinaongeza moto, moto unabana zaidi, mpaka umesimama katikati ya barabara na gari yenye breki nzuri kuliko zote duniani.

Nikarudisha nyuzi mpaka fimbo ikawa na mchezo wa kama milimita moja na nusu kabla ya kugusa pistoni. Pedeli ina mchezo mdogo juu sasa, nimejifunza kuupenda. Pedi zilikuwa zimeng'aa kama kioo, nikazipiga msasa, nikaanza upya kuzizoesha: kutoka 50 mpaka karibu 10, mara kumi hivi, unaacha zipoe katikati, husimami kabisa ukiwa umekanyaga maana pedi ya moto itaacha alama yake palepale kwenye diski.

Nikamalizia na valvu ya kugawa presha, ile ya kuzungusha kwa mkono, kwenye paipu ya nyuma. Eneo la wazi, limelowa, hakuna mtu wala gari, 40 kwa saa, kanyaga kwa nguvu. Mara ya kwanza nyuma zilishika kabla ya mbele na mkia ukaja pembeni kunisalimia. Nikapunguza nusu mzunguko, tena, nusu mzunguko, tena, mpaka mbele zinashika kidogo kabla ya nyuma. Gari inayoteleza na mbele inaenda moja kwa moja, inayoteleza na nyuma inageuka, na ukiwa mbiombio hutaki kugeuka. Kwenye kipimo hicho ndipo nilipoona pia kwamba tairi zangu ndizo zinazokata tamaa kwanza. Angalia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi, wiki na mwaka, 2309 ni wiki ya 23 ya 2009. Zangu zilikuwa na kashata nzuri na mpira mgumu kama kwato. Nikabadilisha zote nne, na nikikwambia tairi zilichangia kiasi gani katika kusimama kwa hii gari utanionea huruma kwa kazi yote ya hapo juu.

Jumapili tukaurudia ule mlima. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, pedeli ipo palepale, usukani umenyooka, harufu hakuna. Mdogo wangu alikuwa kashika mpini wa mlango kwa mkono mmoja. Chini kwenye tambarare nikasimama makusudi, nikamwangalia, akasema pedi ya kushoto inalia.

Inalia kweli. Nishaagiza grisi ya kupaka mgongoni mwa pedi, nikifungua nitaangalia na pini za kalipa.